TAHADHARI: Forester ya Sinza, nimepigwa nikiwa na fundi wangu pembeni

Naandika nikiwa bado Iringa. Gari iko gereji imefunguliwa kifua, na mimi hasira haijashuka. Wale mnaojua ile hela ilikotoka, naombeni leo msinipigie simu.

Jamaa nilimpata kupitia dalali. Subaru Forester ya 2005, rangi ya fedha, milioni 13 na laki tano. Anaongea taratibu, ananiita "kaka", na neno lake la kwanza ni "njoo na fundi wako, sitaki lawama". Sasa niambieni, tapeli gani anakuambia uje na fundi? Tulipofika akatuonyesha mwenyewe shokapu ya nyuma kulia inavuja. Akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake ya kitambaa, akaigusa kwa kidole, akatuonyesha mafuta. "Hii lazima ubadilishe, ndiyo maana nakupunguzia laki tatu." Hapo ndipo aliponimaliza. Nikamwona mcha Mungu. Kumbe ananishikisha shokapu nisishike rejeta!

Fundi wangu akaingia chini, akatikisa bushi, akachomeka mashine ya kupimia. Haikuleta kosa hata moja. Alipotaka kufungua mfuniko wa rejeta, injini ilikuwa ya moto. Jamaa akamshika mkono: "Utaungua fundi, nimetoka kumshusha mtoto shule sasa hivi." Tukacheka, tukaachana nao. Tukazunguka mpaka Mwenge na kurudi, AC inapuliza, mshale wa joto uko chini kabisa. Nikamwambia fundi, "Unaona? Injini ya baridi kama maji ya mtungini." Nimeyasema mimi hayo, kwa mdomo wangu.

Ilikuwa Jumamosi. Saa kumi jioni. Shule gani hiyo?

Hilo nimekuja kulikumbuka juzi katikati ya mlima Kitonga, nyuma ya semi inayotambaa, mama mkwe kakaa mbele. Mpaka Ruaha Mbuyuni gari ilikuwa tamu. Tulipoanza kupanda, mshale nao ukaanza kupanda. Nikazima AC. Ukapanda tena. Kikaja kiharufu kitamu kama cha sharubati iliyoungua, halafu mvuke ukafumuka kwenye boneti. Mama mkwe akashuka na pochi yake kifuani, akaenda kusimama ukingoni kule, hakusema neno. Bora angesema. Utingo wa lori moja akachungulia dirishani: "Bosi, hiyo Subaru au jiko?"

Fundi wa huku amefungua. Thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto, hakuna, imeng'olewa, ndiyo maana pale mjini mshale ulilala. Feni imeungwa moja kwa moja, ukiwasha gari tu inazunguka. Ndani ya rejeta kuna tope la ile dawa ya kuzibia uvujaji. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, na hedi yenyewe imepinda. Ile mashine yetu ingeona nini? Inasoma sensa na waya, na kama kuna kosa lilikuwepo, mtu anaweza kulifuta asubuhi kabla hujafika.

Simu yake haipatikani. Kituo cha polisi nimeambiwa ni kesi ya madai, siyo jinai, maana kwenye mkataba nimesaini "gari imeuzwa kama ilivyo". Kadi ya gari ina jina la mtu mwingine, alisema ni shemeji yake. Na mimi nikaitikia "aah, sawa". Huyu mtu alipaswa kuwekwa ndani, na dalali wake aliyechukua laki mbili zangu akiwa anatabasamu awekwe hapo hapo. Au apandishwe Kitonga kwa gari hii hii, mchana, na mama mkwe wake mbele.

Dalili? Injini imeoshwa inang'aa kama sahani. Maji ya rejeta mapya kabisa. Gari ya moto kabla hujaigusa. Fundi wa huku anasema kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, moshi wa injini ukiwa unaingia kwenye maji inageuka njano. Dakika chache tu. Mimi nimekijua leo.

Jana mdogo wangu kaniletea tangazo jipya. Forester nyeusi, maneno yale yale, "haidai chochote, weka mafuta uondoke", na kwenye picha ya tatu kuna kile kidole chake kinaonyesha shokapu.