Dawa ya viroboto ya mbwa niliyompaka paka wangu: yaliyomkuta Tausi

Naanza na hukumu, maana huenda unasoma hapa ukiwa na kichupa mkononi. Dawa ya matone ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye permethrini, usimpake paka. Si nusu, si robo, si tone moja. Kama umeshampaka, acha kusoma, mpigie daktari wa mifugo sasa hivi. Mengine utayasoma baadaye.

Nina mbwa mmoja mdogo na paka jike anayeitwa Tausi, kilo tatu na nusu. Wawili hawa wamelala mkeka mmoja tangu Tausi akiwa mchanga, kwa hiyo kiroboto wa huyu ni kiroboto wa yule. Safari hii walizidi. Tausi alijikuna mpaka akatoka vidonda nyuma ya masikio, nami nikienda kumpapasa nilikuta chengachenga nyeusi kwenye manyoya, ule uchafu wa viroboto ambao ukiuweka kwenye karatasi iliyolowa unageuka mwekundu kwa sababu ni damu.

Nikaenda dukani kununua dawa ya mbwa, na nikaulizia ya paka. Muuzaji akanijibu bila kusita: "Dada, ya nini kununua mbili? Hii hii inawatosha wote. Mbwa mwekee kichupa kizima, paka mwekee nusu, si ni mdogo?" Liliniingia akilini. Ndivyo tulivyozoea: mkubwa anapewa kidonge kizima, mtoto anapewa nusu. Nilirudi nyumbani na pakiti moja.

Nitende haki kwanza. Kwa mbwa, dawa ilifanya kazi barabara. Kesho yake viroboto waliokufa walikuwa wakidondoka kwenye mkeka, na hakuonyesha dalili yoyote mbaya. Kama ningekuwa na mbwa peke yake, leo ningekuwa naisifia.

Tausi nilimwekea nusu kichupa ukosini saa kumi na mbili jioni. Saa nne usiku niliona masikio yake yanarukaruka, moja kisha lingine, kama paka anayefukuza nzi. Nilidhani ni viroboto wanakufa wanamwasha. Baada ya muda ngozi ya mgongoni ikaanza kutembea yenyewe, mawimbi madogo madogo kutoka mabegani mpaka mkiani. Kisha udenda. Kisha akawa anainua mguu na kuukung'uta kila anapokanyaga, kama sakafu inamchoma. Kufika saa sita alikuwa anatetemeka mwili mzima, macho yamemtoka, na alipojaribu kuja nilipokaa aliangukia ubavu.

Nikampigia daktari. Hakuniuliza paka ana nini, aliniuliza: "Umempaka nini? Nisomee maandishi ya pakiti." Nikaigeuza. Permethrini asilimia 45. Chini yake, kwa herufi ndogo nilizolazimika kuzisogeza kwenye taa: isitumike kwa paka, ni hatari. Nilianza kumsomea kwa sauti na sauti ikanikatika katikati.

Nilikuwa nimeshachukua maziwa nimpe, kwa kuwa nimekua nikisikia kwamba maziwa yanaua sumu. Daktari akanikataza: paka anayetetemeka hivyo anaweza kupaliwa, kinywaji kikaingia mapafuni. Wala nisijaribu kumtapisha. Alichoniambia nifanye ni kumwosha pale ukosini na mgongoni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu dawa hii imekaa kwenye mafuta na maji matupu hayaiondoi. Maji yasiwe ya moto, yatafungua mishipa ya ngozi na sumu iingie zaidi. Yasiwe ya baridi, mwili ukipoa mtetemeko unazidi. Kisha nimkaushe, nimfunge taulo asijilambe, nije naye pamoja na pakiti yenyewe. Hilo la pakiti msilisahau. Daktari akijua ni kemikali gani na kwa kiwango gani, hapotezi muda kubahatisha.

Alipopimwa joto lilikuwa limepita nyuzi 40. Misuli ikitetemeka bila kupumzika inapandisha joto la mwili, na joto hilo peke yake linaweza kumuua mnyama. Dawa inayoondoa sumu hii moja kwa moja haipo. Kinachofanyika ni kuutunza mwili mpaka uimalize wenyewe: alipewa methokabamoli ya kulegeza misuli, akawekewa dripu, na degedege lilipomshika alfajiri akapewa diazepamu. Alikaa huko siku mbili na nusu. Siku ya kwanza niliambiwa wazi kwamba hawawezi kuniahidi kitu.

Nilimuuliza daktari mbona nusu nayo imefanya hivi. Jibu lake ndilo limenifanya niandike. Permethrini ni kemikali ya maabara iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto. Inashika neva na kuziacha wazi, zikawa zinatuma ujumbe kwenye misuli bila kukoma. Kiroboto anakufa kwa hilo. Mbwa anapona kwa sababu ini lake linaivunja haraka na kuitoa. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vinavyofunga kemikali za namna hii ili zitoke mwilini, kwa hiyo kile ambacho mbwa anakimaliza upesi, paka anabaki nacho kinamzunguka. Juu ya hilo, paka anajilamba, na alichopakwa ngozini anakimeza pia. Basi lile la nusu lilikuwa kosa tangu mwanzo. Tatizo halikuwa wingi wa dawa, tatizo lilikuwa dawa yenyewe. Paka si mbwa mdogo.

Simu ya pili ya daktari ilinishtua zaidi ya ya kwanza. Aliniuliza kama nina mbwa nyumbani, na kama naye nimempaka. Nikasema ndiyo. Akasema Tausi akirudi asilale naye wala asimlambe mpaka zipite saa 72 tangu mbwa alipopakwa. Yaani hata kama nisingemgusa Tausi kabisa, kumpaka mbwa na kuwaacha walale mkeka mmoja kungeweza kumdhuru vilevile. Hili hakuna aliyeniambia dukani, na kwenye pakiti sikulikuta. Wenye nyumba yenye mbwa na paka, tafadhali, hili lichukueni. Chagueni kwa mbwa dawa isiyo na permethrini, mambo yaishe.

Malalamiko yangu kwa waliotengeneza ni haya. Mbele ya pakiti kuna picha kubwa ya mbwa mwenye furaha. Onyo la paka liko nyuma, limebanwa kati ya maelezo ya kuhifadhi na tarehe ya kuisha. Kitu kinachoweza kuua mnyama anayeishi chumba kimoja na huyo mbwa kilistahili kuwa mbele, na picha ya paka iliyopigwa mstari mwekundu, ili hata asiyejua kusoma aelewe. Muuzaji nilimrudia na pakiti. Aliisoma pale pale nikiwa nimesimama, kimya, akairudia mara ya pili. Sikumgombeza. Sidhani aliwahi kuigeuza kabla ya siku ile.

Tangu hapo watu wamenipa ushauri mwingi wa "dawa za asili", na baadhi unanitisha kuliko ile pakiti. Kitunguu saumu kwenye chakula, kwa mfano: kinaharibu chembe nyekundu za damu za paka na kumpa upungufu wa damu. Mafuta makali ya mimea kama mkaratusi, ini lile lile linashindwa kuyamaliza. Kuna anayemwogesha paka kwa dawa ya kupe ya kuogeshea mifugo, na kuna anayempulizia dawa ya mende. Amitrazi, ambayo imo kwenye nyingi ya hizo za kuogeshea, si ya paka kabisa. Neno "asili" halimlindi paka, hata pareto ni ua.

Ninachotumia sasa ni matone ya fipronili yaliyoandikwa kwa ajili ya paka, aliyonichagulia daktari baada ya kumpima Tausi uzito kwenye mizani. (Mwenye sungura asiiguse, kwa sungura fipronili ni sumu.) Zipo pia za selamektini. Naweka ukosini juu kabisa, kwenye ngozi yenyewe nikiwa nimegawa manyoya, pale ambapo ulimi haufiki. Kwa watoto wa paka walio chini ya wiki nane sipaki kitu bila kumuuliza daktari. Kitana chenye meno ya karibukaribu na bakuli la maji yenye sabuni ya kuwazamisha viroboto vinatosha kuanzia. Na msiwapuuze, kwa kuwa viroboto wengi wanaweza kumnyonya mtoto wa paka mpaka akaishiwa damu.

Kazi kubwa hata hivyo haiko juu ya paka. Viroboto wazima unaowaona kwenye mnyama wanakadiriwa kuwa asilimia 5 tu ya wote walio nyumbani. Waliobaki ni mayai, mabuu na waliojifungia kwenye vifukofuko, wamejificha kwenye mikeka, nyufa za sakafu na chini ya makochi, na walio kwenye kifukofuko wanaweza kungoja miezi. Mkeka wao naufua kwa maji ya moto kila wiki, nafagia mpaka pembeni kabisa, na dawa narudia kwa tarehe. Ilichukua karibu miezi mitatu kuwamaliza. Ningejua mapema, nisingekuwa na ile haraka ya kutafuta tone moja la kumaliza kila kitu usiku mmoja.

Tausi yuko mzima. Manyoya ya mguu wa mbele aliponyolewa kwa ajili ya dripu yameshaota. Siku nilipomwekea dawa mpya kwa mara ya kwanza, mikono ilinitetemeka, ingawa daktari alikuwa ameiidhinisha na nilikuwa nimeisoma pakiti mbele na nyuma mara tatu. Saa nane za usiku nilikuwa bado nimekaa naye sakafuni, taa inawaka, namwangalia masikio.