Risasi ndogo kwa masafa marefu: ipi ununue ukiwa Dodoma

Mwaka nilioanza kulenga shabaha nilinunua boksi mbili za risasi za .223 (namba inayotokana na upana wa kichwa kwa inchi) zenye vichwa vya greni 77, greni ikiwa kipimo cha uzito, kwa sababu tu muuzaji alinihakikishia kuwa hizo ndizo za mashindano. Nikabandika karatasi mita 100, nikapiga tano. Nilipoifuata nikakuta matundu matatu marefu, kama yaliyochanwa kwa kisu, na mengine mawili sikuyaona kabisa. Risasi zilikuwa zikifika ubavu ubavu. Muuzaji hakunidanganya, risasi zilikuwa nzuri. Mtutu wangu ndio haukuwa saizi yao.

Kwa hiyo kabla ya majina, tazama mtutu. Ndani yake kuna mifuo inayojisokota ili kukizungusha kichwa cha risasi kisiyumbe njiani. Wangu ulikuwa ukikamilisha mzunguko mmoja kila inchi 12, na huo unatosha vichwa vyepesi vya greni 55. Kichwa cha greni 77, yaani kama gramu 5, ni kirefu, na kirefu kinataka kuzungushwa upesi zaidi: mzunguko mmoja kila inchi 8, au 7. Kama haikuandikwa kwenye mtutu, pima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina kitu, toa bolti (kile kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), ingiza fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka na kitambaa kilichobana. Tia alama juu ya fimbo kwa kalamu, sukuma taratibu mpaka alama izunguke na kurudi juu, kisha pima fimbo imeingia inchi ngapi. Ni kazi ya dakika mbili, na ingeniokolea bei ya boksi mbili.

Upepo sasa. Mtu wa Dodoma hahitaji kusimuliwa. Kiangazi kikishika, vumbi lenyewe linakuonyesha unavuma kutoka wapi. Afadhali yetu ni mwinuko. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo risasi haikwamishwi sana. Majedwali mengi ya kwenye boksi yamepigiwa hesabu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usishangae ukipiga juu kidogo kwenye masafa marefu.

Hata hivyo upepo ni upepo. Chukua ule wa kilomita 16 kwa saa unaovuma kutoka ubavuni, shabaha iko yadi 600, yaani kama mita 550. Kwa hesabu hizo za usawa wa bahari, .223 ya greni 77 inasukumwa pembeni kama sentimita 90. Ya milimita 6 yenye kichwa cha greni 105 inasukumwa kama 50, na 6.5 Creedmoor, yaani ya milimita 6.5, yenye kichwa cha greni 140 inasukumwa kidogo tu chini ya hapo. Wengi wanadhani ni uzito peke yake. Umbo lina sehemu kubwa: kichwa kirefu chenye ncha kali hupasua hewa bila kupoteza mwendo mwingi, na risasi isiyopoteza mwendo haimpi upepo nafasi.

Pamoja na hayo yote, ya kwanza kwangu ni .223 Remington. Najua nimetoka kusema ndiyo inayopeperushwa zaidi. Lakini teke lake ni dogo kiasi kwamba unaona kwa darubini risasi yako mwenyewe imetua wapi, mtutu unadumu maelfu ya risasi, na bei yake ndiyo itakayokuwezesha kupiga kila mwezi badala ya kila Pasaka. Tena katika shindano la F-TR, linalopigwa kwa kulala huku bunduki ikiegemea miguu miwili, zinaruhusiwa .223 na .308 Winchester tu. Ukiwa na mtutu wa mzunguko mmoja kila inchi 8 na vichwa vya greni 69 hadi 80, uko ndani. Angalizo moja: mtutu ulioandikwa .223 usiupe 5.56 ya kijeshi. Zinafanana kwa macho, ila shinikizo na vipimo vya chemba, pale risasi inapokaa, havilingani.

Ya pili ni 6.5 Creedmoor, iliyoletwa na Hornady, kampuni ya risasi ya Marekani, mwaka 2007. Wapo watakaoniambia si ndogo tena, na sibishani nao. Nzuri yake ni kwamba risasi za mashindano zinatoka kiwandani zikiwa tayari, nawe huna haja ya kujaza maganda kwa baruti na vichwa mwenyewe. Mtutu unakwenda kama risasi 2,000 hadi 3,000 kabla usahihi haujaanza kupungua. Ukipenda mashindano ya kugonga vibao vya chuma kwa kubadilisha mikao, chukua hii.

Za milimita 6 nimeziweka nafasi ya tatu, na ningekuwa naishi Marekani zingekuwa za kwanza. 6mm BR Norma ina usahihi wa kutia wivu na ganda dogo lisilokula mtutu haraka. 6mm Creedmoor ina kasi zaidi na inaumaliza mtutu mapema. Tatizo ni moja: wanaozipenda wengi hujaza wenyewe. Ukitegemea rafu za duka la silaha huku kwetu, ambazo kwa kawaida hujaa risasi za wawindaji, utakaa na bunduki nzuri isiyo na chakula.

.22-250, risasi nyingine yenye kichwa chembamba, iache. Ina kasi ya kutisha, lakini mitutu yake mingi ya kawaida huzungusha mara moja kila inchi 14, haishiki vichwa virefu, na hupata joto upesi.

Nje ya orodha iko .22 LR (Long Rifle), ndogo kuliko zote hizi, na hii nunua hata kama umenunua nyingine. Kwa mita 100 upepo ule ule unaisukuma zaidi ya sentimita 10, kwa hiyo kila kosa la kusoma upepo unaliona kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Chagua ile ya polepole, isiyofikia kasi ya sauti, kama mita 325 kwa sekunde. Zile zilizoandikwa kasi kubwa, ajabu yake, hupeperushwa zaidi.

Dukani nenda na leseni yako ya silaha. Muulize muuzaji ana boksi ngapi zenye namba moja ya toleo, ile iliyogongwa kwenye ubavu wa boksi. Nunua moja, kapige makundi ya risasi tano tano, ukiridhika rudi uchukue zote za namba hiyo. Toleo jingine la risasi hiyo hiyo linaweza kukuhamishia kundi zima.

Na usiziache kwenye gari juani. Baruti ikipata moto kasi inapanda, na risasi inatua juu ya pale ulipozoea. Zangu husafiri ndani ya kasha la kuhifadhia barafu, bila barafu. Kwenye kizuizi kimoja askari alinifungulisha akidhani ni samaki wa Mtera, akaishia kuisoma leseni yangu mstari kwa mstari.