Seva mbili au tatu kwa leja ya matawi?

Kwa chama cha akiba na mikopo chenye matawi Kigoma na Tabora, seva kuu yenye seva moja ya pili ya kuipokea ikizimika ni nafuu, na fundi mmoja huimudu. Udhaifu hujitokeza mawasiliano yanapokatika: kila seva yaweza kudhani nyingine imezimika, zote zikapokea miamala, na leja zikahitilafiana; kuzipatanisha baadaye, kwa maoni yangu, ni adhabu kubwa kuliko kusimama kwa huduma. Seva tatu zinazoamua kwa wingi wa kura, kwa mfano kwa itifaki ya Raft (kanuni za seva kukubaliana), huhimili kuzimika kwa moja, ila kila muamala husubiri uthibitisho wa mbili, na ya tatu ni heri iwekwe mji mwingine, tuseme Dodoma. Wanaotunza fedha watazihitaji tatu. Duka lenye orodha ya bidhaa tu, mbili zatosha.