Koti la pauni 160 lililonigharimu pauni 247.20

Duka nililonunulia koti hili la baridi hutangaza bei zake kwa pauni, anwani ya tovuti yake inaishia kwa herufi za Uingereza, na picha zake zimejaa mitaa ya London, kiasi kwamba sisi tunaoishi huku Uingereza hatuna namna ya kujua kwamba mzigo utatoka China. Nililipa pauni 160 za koti na pauni 15 za usafirishaji. Mzigo ulipoingia nchini, kampuni ya usafirishaji ilinitumia ujumbe wa simu ikinitaka nilipe pauni 72.20 kabla ya kuletewa. Kwa kuwa matapeli nao hutuma ujumbe wa aina hiyohiyo, sikubonyeza kiungo. Niliingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni hiyo, nikaandika namba ya mzigo, na deni nikalikuta palepale.

Mchanganuo wake nauweka hapa kwa sababu duka halikuuweka. Bidhaa za kutoka nje zisizozidi thamani ya pauni 135 hazitozwi ushuru wa forodha, na VAT yake (kodi ya ongezeko la thamani) hukatwa na muuzaji wakati wa malipo. Thamani ikizidi hapo, anayedaiwa ni mnunuzi, mzigo ukishafika. Kinachokera ni kwamba kikomo hicho hupimwa kwa bei ya bidhaa peke yake, lakini kodi hukokotolewa pamoja na nauli: ushuru wa nguo wa asilimia 12 juu ya pauni 175 ni pauni 21, kisha VAT ya asilimia 20 hutozwa juu ya pauni 196, yaani pauni 39.20, kwa hiyo hata ushuru wenyewe unalipiwa kodi. Pauni 12 zilizobaki haziendi serikalini kabisa. Ni ada ya kampuni ya usafirishaji kwa kunitangulizia malipo forodhani, huduma ambayo sikuulizwa kama naihitaji.

Na serikali sina ugomvi, kwa kuwa viwango vyake viko wazi kwa yeyote anayejua kwamba anaagiza kutoka nje. Lawama yangu ni kwa duka, ambalo limeitaja habari ya ushuru kwa sentensi moja tu katikati ya masharti ya mauzo, ilhali ukurasa wa malipo unaonyesha "jumla" kana kwamba hakuna deni jingine. Nilipowaandikia, walinijibu kwa adabu kwamba ninaweza kuukataa mzigo, ila gharama za kuurudisha zitakatwa kwenye pesa zangu. Nikalipa.

Koti lenyewe halina kasoro: mishono imenyooka, zipu haikwami, na bitana yake ni nzito. Kwa pauni 175 ningelipatia nyota nne; kwa pauni 247.20 yako makoti mazuri zaidi madukani, ambayo mtu anayajaribu kwanza mwilini. Ninatoa nyota mbili.