Wiki Nane na Ghazali, Darwin na Nabii Adam: Tathmini ya Kozi ya Mtandaoni

Nilijiandikisha katika kozi hii nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa mazungumzo juu ya Uislamu na nadharia ya mageuko ya viumbe huwa ya namna mbili: ama msemaji anaikataa nadharia kabla hajaieleza, ama anaikubali kisha anaitafutia aya moja baada ya nyingine mpaka ionekane kwamba Qurani ilimtangulia Darwin. Kozi yenyewe, ambayo jina la waandaaji wake naliacha, huendeshwa mtandaoni kwa wiki nane na walimu wawili, mmoja wa akida, yaani elimu ya itikadi za Kiislamu, na mwingine wa baiolojia. Kila wiki ina video mbili, maandishi ya kusoma, jaribio fupi na kipindi cha maswali cha moja kwa moja. Ninaipendekeza, ingawa nina malalamiko.

Wiki mbili za mwanzo ni za akida tupu, na humo ndimo thamani ya kozi ilimo. Ustadhi hakuanza na Darwin wala na nyani, bali alianza na hukumu tatu za akili anazozikumbuka kila aliyekaa darasani kusomeshwa tauhidi: wajibu (lisiloweza kukosekana), muhali (lisilowezekana) na jaizi (linaloweza kuwa au kutokuwa). Kisha akauliza: Mwenyezi Mungu kuumba aina moja ya viumbe kutokana na nyingine, hatua kwa hatua na kwa mamilioni ya miaka, kunaingia katika hukumu ipi? Kwa misingi ya Ashaira, moja ya madhehebu makuu ya akida ya Kisunni, jibu ni moja tu, nalo ni jaizi, kama ilivyo jaizi kumuumba kiumbe papo hapo pasipo mzazi. Mjadala basi unaondoka kwenye uwezo wa Mungu na kuhamia kwenye habari, yaani ni lipi lililotokea, na tumeambiwa nini juu ya hilo lililotokea. Nimesikiliza mihadhara mingi juu ya jambo hili na sikumbuki hata mmoja ulioanzia hapo.

Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, amepewa dakika arobaini nzima, na zinamstahili. Ustadhi aliweka kipande cha pamba ndani ya kisahani mbele ya kamera, akawasha kibiriti, akakisogeza, na pamba ilipoanza kuwa nyeusi pembeni akatuuliza tumeona nini hasa. Tumeuona moto, kisha tumeiona pamba ikiungua. Kwamba moto ndio ulioiunguza hatukukuona kwa macho. Hiyo ndiyo hoja ya mas'ala ya 17 ya Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa: kitu kuandamana na kingine si ushahidi kwamba ndicho kilichokifanya, na mtendaji ni Mwenyezi Mungu, ama moja kwa moja au kwa kupitia malaika. Kutoka kwenye kisahani kile tulivuka hadi kwenye neno linalowatisha Waislamu wengi, bahati nasibu. Mwanabaiolojia anaposema kwamba mabadiliko ya jeni hutokea kwa bahati nasibu, anamaanisha kwamba hayaji kwa kufuata haja ya kiumbe. Kama yana mwenye kuyakadiria au hayana ni jambo ambalo vipimo vyake haviligusi kabisa. Mtu akishalielewa hilo, nusu ya ugomvi imekwisha.

Wiki ya tatu na ya nne, za sayansi, zinakwenda mbio mno. Somo la kromosomu lilikuwa zuri: sokwe wana 48, binadamu ana 46, na katikati ya kromosomu namba 2 ya binadamu kuna mabaki ya zile alama zinazokaa kwenye ncha za kromosomu, jambo linaloonyesha kwamba kromosomu mbili ziliungana zikawa moja. Somo la jeni ya kutengeneza vitamini C, ambayo tunayo mwilini lakini imekufa, kama ilivyokufa kwa nyani wakubwa, nalo lilieleweka vizuri. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, hata hivyo, vilipewa dakika kumi tu, na Tiktaalik, samaki mwenye mapezi yanayokaribia miguu, aliyeishi miaka ipatayo milioni 375 iliyopita, alipita kwenye kioo kama abiria aliyechelewa. Lililoniudhi zaidi ni jaribio la wiki ya nne, ambalo lilihesabu kuwa sahihi jibu lisemalo kwamba nadharia ni dhana isiyothibitishwa, ilhali mwalimu mwenyewe alitumia robo saa kulivunja kosa hilohilo. Niliandika kulalamika na alama zangu zikarekebishwa, lakini swali limeachwa vilevile.

Wiki ya historia nitaipita haraka. Inatosha kusema kwamba walimu hawakumgeuza Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu, kuwa Darwin wa mwaka 1377, wakaeleza kwamba ngazi yake ya viumbe, kutoka madini hadi mimea, wanyama na binadamu, haina ndani yake uchaguzi asilia, yaani wanaofaa zaidi mazingira kubaki na kuzaana. Walimtaja pia mwanachuoni Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Lebanon, ambaye mwaka 1888 alikuwa tayari kukiri kwamba nadharia hiyo ikithibiti kwa yakini, matini zinaweza kufasiriwa zikaafikiana nayo.

Uzito wote uko katika wiki ya sita, ya Nabii Adam. Kozi inafuata mgawanyo wa mtafiti Shoaib Ahmed Malik wa misimamo minne ya Waislamu: wanaoyakataa mageuko yote, wanaoyakubali isipokuwa kwa binadamu, wanaoyakubali hata kwa binadamu isipokuwa kwa Nabii Adam, na wanaoyakubali bila kumtoa yeyote. Msimamo wa nne unakwama kwenye aya ya 59 ya Aal Imran, inayomfananisha Nabii Isa na Nabii Adam, kwa kuwa mfano huo unakosa maana ikiwa Adam alikuwa na baba. Wa pili unakwama kwenye jeni zetu, ambazo hazionyeshi wakati wowote ambapo asili yetu ilikuwa watu wawili tu. Wa tatu, alioutetea mtafiti David Solomon Jalajel, unasema kwamba Adam aliumbwa bila wazazi, na kwamba Qurani haikukanusha wala haikuthibitisha kuwapo kwa wengine ambao kizazi chake kingeweza kuchanganyika nao; hapo Muislamu hufanya tawaqufu, yaani husita kutoa hukumu.

Ninaukubali msimamo huo, lakini nauona una gharama ambayo kozi haikuihesabu. Katika kipindi cha maswali niliuliza: wengine hao walikuwa watu waliokalifishwa, yaani waliobebeshwa wajibu wa dini, au la? Nikajibiwa, tawaqufu. Tawaqufu ni jibu la heshima linapokuja baada ya hoja kukamilika; hapa lilikuja kabla hoja haijaanza.

Dakika kumi na tano zilizofuata zilinifanya nisamehe. Ustadhi alifungua Fath al-Bari, sherehe ya Ibn Hajar juu ya Sahih al-Bukhari, mahali pa hadithi ya urefu wa Nabii Adam, dhiraa sitini, ambazo ni kama mita 27, isemayo kwamba watu wamekuwa wakipungua kimo tangu hapo. Hapo Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 1449, anaeleza kwamba makazi ya Thamudi, watu wa kale waliochonga nyumba katika miamba, hayaonyeshi kuwa wenyewe walikuwa warefu kupita kiasi, kisha anakiri kwamba hajapata la kuliondoa tatizo hilo. Hakuna aliyemhimiza mtu yeyote kuikataa hadithi wala kuubeza ushahidi wa mawe.

Anayetaka kuambiwa tu kwamba hakuna mgongano wowote atachoka kufikia wiki ya pili. Asiyewahi kusoma akida aanze na maandishi kabla ya video, kwa sababu sauti ya rekodi za mwanzo ni hafifu. Swali langu kuhusu waliokalifishwa nimelituma tena kwa maandishi, na waandaaji wamejibu kwamba wanaandaa wiki ya tisa juu yake, nimekwisha kujiandikisha.