Jiko la gesi la mtumba lenye oveni: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya upepo wa kusi Lamu

Jiko hili nililinunua Mombasa kwa muuzaji wa vyombo vilivyokwisha kutumika Ulaya. Lilisafirishwa kwa barabara hadi Mokowe, likavushwa kwa boti hadi gatini, kisha likasukumwa kwa mkokoteni mpaka mlangoni kwetu Mkomani. Lina vichomeo vinne juu na oveni ya gesi chini, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya jiko jipya la ukubwa huo. Nyumbani ninapikia watu tisa, na kila Alhamisi na Ijumaa huoka mkate wa mayai wa kuuza, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ni ya jiko linalofanya kazi tangu chai ya alfajiri hadi daku.

Wiki ya kwanza tu sufuria zangu zote zilikuwa nyeusi. Moto ulikuwa mrefu, wa manjano, laini kama wa kibatari, na ulipanda mpaka kwenye mishikio ya sufuria. Mkate ulitoka umeungua chini na mbichi katikati. Gesi ya mtungi wa kilo 13, ambayo katika jiko letu la zamani ilitufikisha mwisho wa mwezi, iliisha kabla ya siku ya ishirini. Tatizo la pili lilianza kusi iliposhika nguvu: nikibonyeza swichi na kuwasha, moto unawaka, lakini nikiiachia swichi, unazima. Siku nyingine ulikubali mara ya tatu, siku nyingine nilisimama nimeibonyeza kwa dakika nzima huku mafuta ya mahamri yakipoa.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikuwa kijana mwepesi wa mikono. Alifungua sehemu ya juu ya jiko, akanionyesha kijiti chembamba kilichosimama kando ya kila kichomeo, akasema, “Mama, hiki ndicho kinachokusumbua. Nikiizuia vali ya gesi isijifunge, ikae wazi moja kwa moja, moto hautazima tena.” Nilimwambia, “Hapana, mwanangu, kiache kama kilivyo.” Nilimlipa nauli yake na jiko nikalirudisha lilivyokuwa.

Naomba nieleze kwa nini nilikataa, maana nimesikia kwamba majiko mengi hapa mjini yamefanyiwa jambo hilo. Kijiti hicho huitwa themokapo. Ndani yake kuna metali mbili za aina tofauti zilizounganishwa kwenye ncha, na ncha hiyo inapopata joto la moto huzalisha umeme mdogo sana, wa milivolti 20 hadi 30 hivi, ambao hauzidi sehemu moja ya hamsini ya nguvu ya betri moja ya tochi. Umeme huo mdogo ndio unaoshikilia sumaku inayoiacha vali ya gesi wazi. Upepo ukiuzima moto, au uji ukifurika na kuuzima, ncha hupoa, sumaku huachia, na gesi hujifunga yenyewe. Ukiizuia vali isijifunge, moto ukizima gesi itaendelea kutoka bila mtu kujua. Jikoni kwetu ni juu, karibu na paa, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mawe za Lamu, na gesi ya mtungi, yaani mchanganyiko wa propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikatoka dirishani. Hushuka ngazi kama maji, na chini ya ngazi zetu ndiko wanakolala wajukuu wangu wawili. Hiyo harufu kali tunayoisikia gesi inapovuja hutiwa kiwandani kwa makusudi, kwa kuwa gesi yenyewe haina harufu, lakini aliyelala usingizi mzito huenda asiinuse kwa wakati.

Fundi wa pili ni mzee ambaye kwa miaka mingi alitengeneza majiko ya hoteli za Malindi. Kabla ya kugusa spana alilivuta jiko kutoka ukutani, akainama na tochi, akafuta vumbi kwenye kibandiko cha nyuma na kunisomea: gesi asilia, shinikizo milibari 20. “Dada,” aliniambia, “jiko hili ni zima. Ila halikutengenezewa gesi hii yetu.” Katika nchi nyingi za Ulaya nyumba huletewa gesi asilia kwa mabomba ya mtaani. Gesi hiyo, kwa ujazo ule ule, ina nishati isiyofikia nusu ya ile ya gesi yetu ya mtungi, na kwa sababu hiyo tundu linaloipitisha ni kubwa zaidi. Regyuleta yetu ya kawaida ya nyumbani, ile inayofungwa juu ya mtungi kupunguza nguvu ya gesi, hutoa gesi kwa shinikizo la milibari 30 hivi. Gesi nzito namna hiyo ikipita kwenye tundu kubwa, hewa inayovutwa pamoja nayo haitoshi kuiunguza sawasawa, na ndiyo maana moto huwa wa manjano na masizi hujaa.

Alikiondoa kichomeo kimoja, akaingiza spana ndogo ndani ya shimo na kutoa kipande cha shaba kisichozidi punje ya mahindi kwa ukubwa. Hiyo ndiyo nozeli, yenye lile tundu linalopitisha gesi. Ubavuni mwake ilikuwa imechongwa namba 97, yaani tundu la milimita 0.97. Kwa kichomeo cha ukubwa ule, akasema, sisi tunahitaji ya 65. Nilipozishika mbili mkononi, ile ya zamani nikaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, niliona mwanga ukipita wazi. Ile mpya ilinibidi niigeuzegeuze kabla ya kuona nukta. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwa ikiimaliza gesi yangu kwa siku ishirini. Nozeli nne za juu na moja ya oveni zililetwa kutoka Mombasa kwa basi, zikachukua siku sita, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko gesi niliyoipoteza katika miezi miwili. Muuzaji hakunieleza lolote kuhusu jambo hili, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwake. Anayeuza jiko la mtumba la Ulaya katika pwani yetu anajua kwamba hatuna bomba la gesi mtaani, na ilimpasa kubadilisha nozeli au angalau kumwambia mnunuzi.

Baada ya kubadilisha, moto ukawa wa buluu, mfupi, wenye ncha. Hapa naongeza jambo lililonitia wasiwasi bila sababu kwa wiki kadhaa: jioni, hasa upepo ukitoka baharini, niliona cheche za rangi ya chungwa zikirukaruka ndani ya buluu, nikadhani ugonjwa umerudi. Mzee alinieleza kwamba hiyo ni chumvi ya hewani ikipata joto la moto na kuupa rangi. Haiachi masizi na moto haurefuki. Tangu hapo nimekuwa nikipima kwa sufuria: nikipitisha kidole chini yake na kikatoka safi, siogopi rangi ya chungwa.

Tatizo la kuzima lilichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu lilikuwa na sababu tatu zilizofuatana, na kila tuliposuluhisha moja tulidhani tumemaliza. Kwanza, ncha za themokapo zilikuwa zimefunikwa na masizi ya miezi ile ya moto wa manjano. Zilisuguliwa kwa msasa laini sana, na nati ya nyuma ikakazwa kidogo, na moto ukakaa kwa wiki tatu. Kisha ukaanza tena, safari hii kwenye kichomeo kimoja tu, kile kikubwa. Tulipokitazama kikiwa kinawaka tuliona kwamba moto wa upande wa kijiti ulikuwa dhaifu: kofia ya kichomeo ilikuwa imeshika kutu, vijitundu vya upande ule vikawa vimeziba, na ncha ya kijiti ilikuwa ikilambwa na moto kwa mbali tu. Chumvi ya Lamu hula chuma upesi, kama mnavyoona kwenye bawaba za milango. Sasa kila Jumamosi huziondoa kofia zote, huzisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, huvizibua vijitundu kwa sindano ya kushonea, na huzikausha juani kabisa kabla ya kuzirudisha. Nozeli siingizi sindano hata kidogo, kwa kuwa tundu likipanuka tumerudi kwenye 97.

Sababu ya tatu ndiyo iliyotuhangaisha siku za wageni wa Maulidi. Vichomeo viwili vilizima pamoja, vikiwa safi, na moto wake kabla ya kuzima ulikuwa ukirudi ndani kwa mlio. Mzee alipovifungua alikuta utando wa buibui na udongo wa nyigu ndani ya bomba linalovuta hewa. Jiko lilikuwa limekaa wiki mbili bila kuwashwa tuliposafiri kwenda arusini Pate, na wadudu hao hupenda matundu yaliyotulia. Siku hizi tukisafiri huvifunika vichomeo kwa kitambaa, na tukirudi hukiondoa na kutazama ndani kwa tochi kabla ya kuwasha.

Kuhusu upepo, tulifanya kosa ambalo nataka wengine waliepuke. Kusi ilipokuwa ikiuyumbisha moto tulifunga madirisha yote mawili ya jikoni, na ndani ya siku chache mimi na mkwe wangu tukawa tunaumwa kichwa kila baada ya kupika. Moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na huua. Tuliyafungua madirisha siku ile ile, tukalihamisha jiko hadi kwenye kona ambayo upepo hauifikii moja kwa moja, na tukasimamisha bati nyuma yake.

Mtungi nao una adabu zake, ingawa haya si ya jiko hili peke yake. Punda huuleta ukiwa umelala, na mimi huusimamisha na kuuacha utulie kabla ya kuunganisha regyuleta, maana mtungi uliolala unaweza kupeleka gesi ikiwa bado maji. Viungo vyote huvipima kwa povu la sabuni kila nikibadilisha mtungi. Mpira niliubadilisha, kwa kuwa ule uliokuja na jiko ulikuwa umeshaanza kupasuka karibu na klipu.

Kwa sasa jiko linapika vizuri kuliko lolote nililowahi kuwa nalo. Mtungi wa kilo 13 unafika siku ya thelathini na zaidi, na mkate wa mayai unaiva sawasawa, ila kona ya nyuma kushoto ya oveni ni kali na hunilazimu kuligeuza sinia katikati ya muda. Kofia ya kichomeo kikubwa imeliwa na kutu kiasi kwamba imepata ufa upande mmoja. Ya kubadilisha haipatikani Lamu wala Malindi, nimeiagiza Mombasa, na mpaka itakapofika kichomeo hicho sikiwashi.