TAHADHARI: Muuza "dawa ya kuamsha homoni" na kalamu ya sindano yenye lebo mbili

Habari zenu. Naandika sasa kwa sababu mikono imeshatulia. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nikishika kikombe, nusu yake inaishia mezani.

Ujumbe huu ni wa wote, lakini hasa nyinyi wenzangu wenye tezi iliyolala (tezi ya shingo isiyotengeneza homoni ya kutosha), wenye PCOS (tatizo la homoni linalogusa ovari na hedhi), na wote mliochoka kuambiwa "punguza kula" kama vile hamjawahi kujaribu. Huyu mtu anawatafuta nyinyi. Mimi alinipata kwenye maoni, nilipolalamika kwamba uzito haushuki. Dakika chache baadaye yuko inboksi, anajiita mtaalamu wa homoni, ananiita dada, ananipa pole. Wala hakuniuzia kitu siku hiyo.

Alinitumia fomu ya maswali 12. Unachoka mchana? Nywele zinakatika? Unatamani vitu vitamu? Hedhi inaruka? La saba liliandikwa "unapata usigizi wa kutosha?", hivyo hivyo, bila n. Nani atajibu hapana kwa maswali kama hayo? Nilipomaliza ikaja "ripoti" ya rangi rangi: kotisoli asilimia 87, estrojeni asilimia 91, leptini "imelala kabisa". Hapo ndipo ningepaswa kucheka na kuendelea na shughuli zangu. Homoni haipimwi kwa kuulizwa kama umechoka. Inapimwa kwa damu, kotisoli wakati mwingine kwa mkojo au mate, na majibu hutoka na namba, kipimo chake, na kiwango cha kawaida pembeni. Hayaji kwa asilimia kama matokeo ya mtihani. Nilikuwa nalijua hilo, maana nimetolewa damu ya tezi miaka sita. Nikalipa hata hivyo.

Kopo lilikuja jeupe, kapsuli 60, picha ya jani na neno "asili". Hakuna namba ya toleo, hakuna tarehe ya kuisha muda, hakuna jina la mtengenezaji. Maelekezo yalikuja kwa sauti: mbili asubuhi, mbili jioni. Halafu akaongeza kwamba zile za hospitali niache, eti "zinaidekeza tezi, ndiyo maana haiamki". Mimi nilikuwa nameza levothairoksini, homoni ya tezi ya kufidia ile inayopungua, kila asubuhi tumbo likiwa tupu, nimeambiwa ni dawa ya maisha, na bado nikaiacha kwa sababu ya ujumbe wa sauti wa sekunde 40. Kwenye hadithi hii yote, hapo ndipo ninapojilaumu zaidi.

Na dawa ilifanya kazi! Lazima niseme ukweli, la sivyo hamtaelewa jinsi watu wanavyonaswa. Wiki ya kwanza nguvu zilirudi, sijui usingizi wa mchana. Wiki ya tano mizani ilikuwa imeshuka kilo 6. Niliipiga picha ile mizani nikamtumia kwa furaha. Sitashangaa ikiwa sasa hivi vidole vyangu vya miguu ni "ushuhuda wa mteja" mahali fulani.

Kisha usingizi ukakata hata wa usiku. Jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Nikimuuliza, ananiambia ni sumu inatoka, mafuta yanayeyuka, nivumilie. Wiki ya sita nimelala chali, napima mapigo kwa saa ya simu: 124 kwa dakika. Nikaamsha watu nyumbani tukaenda hospitali.

Daktari alipoona majibu alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Levothairoksini unameza ngapi?" Nikasema nimeacha wiki sita. Akanigeuzia karatasi. TSH ni homoni inayotoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, kazi yake ni kuihimiza tezi ya shingo itengeneze homoni. Mtu mwenye tezi dhaifu akiacha dawa, TSH hupanda, kwa sababu mwili unapiga kelele kuomba homoni. Yangu ilikuwa imeshuka karibu na sifuri, na homoni ya tezi yenyewe imejaa damuni kupita kiasi. "Tezi yako haijaamka," akasema. "Kuna homoni unaimeza kutoka mahali pengine, tena nyingi." Tukalitazama lile kopo wote wawili.

Si jambo geni. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta vidonge vya "mitishamba ya kupunguza mwili" vimetiwa dawa zisizotajwa: homoni za tezi, dawa za kuharisha, za kukojosha, na sana sana sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kilo zinazoondoka kwa homoni ya tezi iliyozidi si mafuta peke yake, misuli nayo inaliwa, na moyo ni msuli. Daktari aliniambia na jambo jingine ambalo sikulipenda: tezi iliyolala kwa kawaida huongeza kilo chache tu, na sehemu kubwa ya hizo ni maji na chumvi. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba ukiamsha tezi utashusha kilo 30, uongo wake umeanzia hapo.

Sasa kalamu. Siku chache kabla ya kwenda hospitali, nilipomlalamikia kuhusu moyo, hakuniambia niache. Aliniuzia kitu cha pili: "ile Ozempic ya mastaa", sindano ya kisukari ambayo watu huitumia pia kupunguza uzito, bei nusu ya duka la dawa. Ilifika imefungwa kwenye gazeti, ina joto la mkono. Kalamu halisi ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Yeye akanielekeza nizungushe hadi mwisho, nidunge yote mara moja "upate matokeo haraka". Bahati yangu naogopa sindano, nikaiweka pembeni.

Niliipeleka kwa mfamasia. Hakusema neno, alizungusha kitasa tu nikaona dirisha dogo: 2, 4, 6, 8, namba zinaendelea kupanda. Kalamu ya Ozempic inaonyesha vipimo vichache tu vya miligramu, kama 0.25 na 0.5. Hizi zilikuwa yuniti, si miligramu. Kisha akaingiza ukucha kwenye pembe ya lebo, ikabanduka, na chini yake kulikuwa na lebo nyingine. Ilikuwa kalamu ya insulini.

Ningedunga yote kama nilivyoelekezwa, mimi nisiye na kisukari, sukari ingeporomoka usingizini. Oktoba 2023 huko Austria watu walilazwa hospitali baada ya kutumia Ozempic bandia, sukari imeshuka vibaya, na mamlaka ya huko ikashuku kulikuwa na insulini ndani. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama kuna mtu wako ameshadunga kitu cha namna hii akaanza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea ovyo, mpe kitu chenye sukari haraka ikiwa bado anaweza kumeza, na mkimbizeni hospitali pamoja na hiyo kalamu.

Sindano zenyewe si uongo, nisieleweke vibaya. Semaglutaidi halisi, dawa iliyo ndani ya Ozempic, inasaidia wengi. Lakini inaanzwa kwa miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, wiki nne nzima, ndipo kipimo kinapandishwa pole pole, na kabla ya hapo unaulizwa kama una mimba, kama umewahi kuugua kongosho, kama kuna saratani ya tezi kwenye familia. Mimi sikuulizwa hata moja. Niliulizwa kama napenda vitu vitamu.

Nimerudi kwenye dawa yangu baada ya daktari kusubiri damu itulie. Kopo na kalamu nimevikabidhi kwa mamlaka ya dawa pamoja na skrinshoti zote. Mwenye kopo kama langu asilitupe, aende nalo akapimwe, na aseme ukweli ameacha dawa gani.

Yeye nilipomtumia picha ya lebo mbili, alijibu "dada una nguvu hasi", akanibloku. Ukurasa umefutwa. Juzi rafiki yangu mwenye PCOS amefuatwa na mtu mwingine, jina jipya, picha mpya ya koti jeupe, amemtumia fomu ya maswali 12. Nilimwomba anisomee la saba. Bado halina n.